Inchi Moja ya Mjozi

Nyuma kabisa ya bunduki ya Parker, pale kitako kinapoegemea bega, mafundi wa Meriden katika jimbo la Connecticut walikuwa wakifunga bamba la mpira mgumu mweusi lenye kichwa cha mbwa wa kuwindia ndege. Si kitu cha thamani. Ni jembamba, hupauka likawa kahawia kwa uzee, na likianguka sakafuni linapasuka. Lakini mkusanyaji wa bunduki za zamani akishikishwa Parker, kabla hajaifungua na kuchungulia mitutu, huigeuza kwanza atazame kama mbwa bado yupo. Akimkuta, ana sababu nzuri ya kuamini kwamba kitako kina urefu ule ule kilichotoka nao kiwandani. Asipomkuta, akaona mahali pake mto mwekundu wa mpira wa kupunguza teke, basi bei imekwisha kuanza kushuka kichwani mwake hata kabla ya salamu.

Kampuni ya Parker ilianza kuunda bunduki za marisau baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1934 ikanunuliwa na Remington, na uzalishaji ukafia katika miaka ya Vita Kuu ya Pili. Kwa muda wote huo zilitoka bunduki zipatazo 242,000, kuanzia Trojan ya mkulima hadi A-1 Special iliyofunikwa nakshi kila pembe. Katika miaka ya 1980 Japani ilitengeneza nakala zake, tena nakala nzuri mno, lakini nakala ni nakala. Zile za asili hazizai. Zinapungua tu, na mimi naamini msumeno wa mwenyewe umezipunguza kuliko kutu.

Nasema hivyo bila kumtukana mwenye msumeno. Aliyekata kitako cha Parker mwaka 1950 hakuwa akiharibu kitu cha makumbusho. Alikuwa na chombo cha kazi kisichomkaa sawasawa, akakirekebisha kama ambavyo angefupisha mpini wa shoka. Bunduki nyingi za Marekani za mwanzoni mwa karne iliyopita zilichongwa vitako vinavyoinama mno. Kisigino cha kitako kilikuwa chini ya mstari wa mitutu kwa inchi tatu hivi, wakati mwingine zaidi. Mpigaji wa enzi ile alisimama wima, kichwa juu. Wajukuu wake walifundishwa kulaza shavu juu ya mbao, na mtu akilaza shavu juu ya kitako cha namna ile haoni kitu ila mgongo wa bunduki yake mwenyewe.

Risasi nazo zilibadilika. Bunduki za zamani za geji 16 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) zilitobolewa chemba za risasi ya inchi 2 na 9/16, na viwanda vilipokubaliana juu ya inchi 2 na 3/4, wengi walimpelekea fundi bunduki zao azipanue chemba, wakipunguza chuma mahali ambapo shinikizo la baruti ni kali kuliko pote. Kisha zikaja risasi zenye kikombe cha plastiki kinachoyashika marisau yasitawanyike mapema, na mitutu iliyobanwa mdomo kwa ajili ya risasi dhaifu za zamani ikaanza kupiga kwa msongamano kupita kiasi. Kwale aliyeruka hatua ishirini mbele ya mbwa hakubaki na nyama ya kupika. Na tangu miaka ya 1920, pale Andover, Massachusetts, ulipobuniwa mchezo wa skiti wa kulenga visahani vya udongo kwa karibu, kila kijana alitaka mdomo ulio wazi.

Hapo ndipo mitutu ilipokatwa.

Mtutu wa bunduki ya marisau si bomba lililo sawa toka mwanzo hadi mwisho. Katika geji 12 kipenyo cha ndani ni kama milimita 18.5, na kinakwenda hivyo hadi inchi chache za mwisho, ambapo fundi amekibana polepole. Mbano huo ndio unaoitwa choki. Choki kamili katika geji 12 ni ya milimita moja hivi, basi. Kwa milimita hiyo moja, ukisimama yadi 40 kutoka kwenye karatasi na kuchora duara la kipenyo cha inchi 30, marisau saba katika kila kumi yataingia ndani. Mtutu usiobanwa kabisa huingiza manne. Fundi wa zamani hakuwa na mashine ya kumhakikishia hilo. Alisugua chuma kwa kipande cha madini ya risasi, akaenda uwanjani, akapiga karatasi, akahesabu matundu, akarudi kusugua. Inchi mbili za mwisho za mtutu zimebeba jasho lake lote, na ndizo hasa zinazoanguka chini ya meza ya mwenye msumeno.

Kwenye bunduki ya mitutu miwili kovu halifichiki. Kila mtutu ni mnene kwa nyuma na mwembamba kwa mbele, na ile miwili imeunganishwa kwa lehemu ili ielekee kukutana, isije mmoja ukapiga kushoto na mwingine kulia. Kwa kawaida, kwenye midomo, mitutu inagusana. Ikate inchi mbili tatu, na midomo mipya inabaki imeachana. Kati yake kuna mwanya wenye umbo la tone, na aliyekata lazima aujaze. Wengi waliujaza kwa lehemu tupu. Waangalifu walichonga kipande kidogo cha chuma, wakakipachika na kukipaka rangi. Mnunuzi mzoefu huinua bunduki kuelekea dirishani, akaangalia hapo tu. Akiona kijivu cha lehemu mahali ambapo chuma kilipaswa kukutana na chuma, huirudisha mezani kwa adabu na kuuliza habari za watoto.

Wengine hawakukata bali waliongeza. Kanali Richard Cutts wa kikosi cha Marine Corps cha Marekani alibuni kifaa chenye nyufa cha kufunga mdomoni ili kutoa gesi pembeni na kupunguza teke, na mbele yake mtu aliweza kubadili mirija ya choki. Ilikuja pia Poly-Choke, kifundo cha kuzungushwa kwa vidole, mbano unaongezeka au kupungua kama mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani. Vitu hivi vilifanya kazi. Mtu mwenye bunduki moja na mfuko mwepesi aliweza kuwinda kwale asubuhi na bata jioni. Winchester Model 12, iliyotengenezwa tangu 1912 hadi 1964 kwa idadi inayokaribia milioni mbili, ilivishwa vifundo hivyo kwa wingi, na leo zile zilizovishwa hukaa pembeni ya meza za wauzaji zikiwa na kadi za bei ya kusikitisha. Kifundo kinaweza kufunguliwa, lakini chini yake mtutu ulikwisha kukatwa ili kukipa nafasi.

Hapa ndipo nilipo na neno la kusema. Watu hudhani kwamba wakusanyaji wanachukia mabadiliko. Si kweli. Wanachochukia ni kazi isiyorudishika. Bunduki hizi zilifanyiwa marekebisho mengi ambayo hayakuzishushia hata senti, kwa sababu aliyeyafanya alijua namna ya kubadili kitu bila kukipunguza. Fundi wa namna hiyo hatajwi sana. Kazi yake ikifaulu haionekani, na kwa hiyo hakuna anayemsifu.

Chukua ukunjaji wa kitako. Kilichoinama mno hakilazimiki kutupwa wala kupandishwa kwa kipande cha mbao kilichobandikwa. Mbao ya mjozi ikipata moto wa kutosha inalegea. Fundi huitazama kwanza shingo ya kitako, ule wembamba ambao kiganja huushika, aone nyuzi za mbao zinakwendaje. Zikipita zimenyooka toka kwenye chuma hadi kwenye shavu, kazi inawezekana, na zikikatisha shingo kwa mshazari anakataa fedha na kumrudisha mteja. Kisha huifunga bunduki kwenye fremu imara, huizungushia shingo kitambaa, na kuimwagia mafuta ya kitani yaliyochemka, tena na tena, au huielekezea taa za joto huku akiipaka mafuta hayo. Havutii kwa nguvu. Anakaza skrubu ya fremu robo mzunguko, anasubiri, anasikiliza. Mbao inayotaka kupasuka hutoa sauti ndogo kabla. Huvuka kidogo kipimo anachokitaka, kwa kuwa mbao ikipoa itarudi nyuma kidogo, na kiasi cha kurudi hakimo katika kitabu chochote; kimo mikononi. Akimaliza anaiacha ndani ya fremu hadi ipoe kabisa. Asubuhi mteja anaegemeza shavu na kuona njia iliyonyooka hadi kwenye shanga ya mbele. Nusu inchi imepatikana, hakuna kilichokatwa, chanjo za mistari kwenye shingo ziko vile vile, na mbwa wa Meriden yuko mahali pake.

Kwa anayetaka urefu zaidi pia kulikuwa na njia. Soksi ya ngozi yenye mto mdogo huvishwa kitakoni na kuvuliwa. Pedi ya ngozi ya kuinua shavu hufungwa kwa kamba. Havipendezi sana machoni, nakubali, lakini vikivuliwa bunduki haina habari navyo.

Msasa ndio adui wa kimyakimya. Viwanda vizuri viliiacha mbao isimame juu kidogo ya chuma mahali vinapokutana, unene wa ukucha tu, ili miaka ya kushikwa na kufutwa isije ikaishusha chini ya chuma. Pitisha ukucha wako kutoka kwenye mbao kwenda kwenye chuma. Ukiteremka, hiyo ni mbao ya kiwanda. Ukipanda, kuna mtu aliyetaka kitako king'ae kama meza ya sebuleni, akasugua mikwaruzo ya miaka arobaini pamoja na kingo zote ambazo fundi alizinoa kwa mkono. Alitumia mchana mmoja wa Jumapili. Hakuna atakayeiongeza mbao ile.

Bunduki za L.C. Smith zina ugonjwa wao wa kuzaliwa: kichwa cha kitako hupasuka nyuma ya mabamba ya mitambo, kwa sababu huko mbao ni nyembamba na teke lote linaishia hapo. (Smith huyu ndiye yule yule ambaye jina lake lilikuja kuwa maarufu kwa mashine za taipu, aliuza biashara ya bunduki akaingia kwenye herufi, na pengine alifanya vizuri.) Ufa ule ukitiwa gundi kwa ndani na fundi mwangalifu hauonekani wala hauendelei. Ukipigiliwa msumari wa shaba kwa nje, kama nilivyoona kwenye picha nyingi za minada, bunduki inabaki na msumari huo maisha yake yote. Mimi, nikiri upendeleo wangu, nawahurumia wenye misumari. Walikuwa mbali na fundi, na msimu wa bata haukungoja.

Tuje kwenye rangi, kwa kuwa huku ndiko ufundi ulikopanda juu kabisa, na huku ndiko nia njema ilikofanya uharibifu mkubwa.

Mwili wa bunduki, yaani kile kipande cha katikati kinachobeba mitambo, uliundwa kwa chuma laini. Chuma laini hukubali tupa na hukubali patasi ya mchora nakshi. Lakini chuma laini pia huchakaa. Kwa hiyo nakshi zikishamalizika, mwili huo ulipakiwa ndani ya chungu cha chuma, umezungukwa na mkaa wa mifupa uliochanganywa na mkaa wa kuni, chungu kikazibwa na kutiwa tanurini kwa saa kadhaa hadi kila kilichomo kikawa chekundu. Kaboni ya mkaa hupenya kwenye ngozi ya chuma. Kisha chungu hupinduliwa ghafla juu ya pipa la maji baridi yenye mapovu. Ngozi inakuwa ngumu kiasi cha kukataa tupa iliyoichonga jana yake, na ndani chuma kinabaki laini kisivunjike kwa mshtuko. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha. Rangi zilikuja kama bahati: mawingu ya samawati, kahawia, kijivu, na njano ya nyasi kavu, yakiwa yametawanyika juu ya chuma bila mpango wa mtu. Lakini si bila mkono wa mtu. Namna ya kupanga vitu ndani ya chungu, mchanganyiko wa mkaa, joto la maji, vyote viliacha tabia, na mjuzi anaweza kutazama mawingu hayo akataja kiwanda bila kusoma jina.

Rangi hizo ni nyembamba kuliko karatasi. Kiwanda kilizipaka vanishi kuzikinga, vanishi ikaondoka, kiganja na jua vikafanya kazi yao, na baada ya miaka sitini kilichobaki ni rangi ya fedha iliyofifia, isipokuwa mifichoni: nyuma ya kifyatulio, kandokando ya skrubu, ndani ya mikunjo ya nakshi. Mkusanyaji hutafuta mabaki hayo mafichoni kwa kioo cha kukuzia, na asilimia yake huandikwa katika maelezo ya mnada. Mwenye bunduki asiyejua huona kijivu tu, akaona aibu, akaipeleka ikapakwe upya.

Yapo mafundi leo Marekani wanaochoma kwa mifupa vizuri sawa na wazee wao, na kazi yao ni halali kwa bunduki ambayo haina tena cha kupoteza. Lakini kila safari ya tanuri ni kamari. Chuma kikizamishwa majini hujipinda kidogo, na baada ya hapo skrubu ambazo mipasuo yake ilikuwa imelala kwenye mstari mmoja hazilali tena. Wengine hawapiti tanurini kabisa. Hupitisha mwali wa gesi juu ya chuma kikapata mistari ya rangi kama ngozi ya chui, na mbaya zaidi, hukisugua kwanza chote kwenye gurudumu la kung'arishia. Gurudumu halina macho. Linaviringisha pembe zilizokuwa kali, linachimba vishimo kuzunguka skrubu, na herufi za jina la kampuni zinabaki zimelegea kama zimeandikwa kwenye siagi.

Mitutu inayo hadithi yake. Weusi wake wa asili ni kutu. Fundi huusafisha mtutu mpaka usiwe hata na alama ya kidole, huupaka asidi kidogo, huuacha kabatini penye unyevu uote kutu nyekundu laini kama poda. Anauchemsha katika maji safi, na ile nyekundu inageuka kuwa nyeusi. Anaipiga brashi ya waya mwororo, weusi uliolegea unaondoka, ulioshika unabaki. Anarudia. Siku inapita kwa mkono mmoja wa rangi, na mikono inatakiwa mingi. Kinachopatikana mwishoni ni weusi wenye kina, wenye samawati kwa mbali, usiong'aa ovyo.

Karne ya 20 ilileta njia ya mkato: beseni la chumvi kali za kostiki zinazochemka kwa zaidi ya nyuzi 130 za Selsiasi. Ingiza, toa, suuza. Kazi ya dakika. Kwa Model 12 yenye mtutu mmoja usio na lehemu, hakuna ubaya. Lakini mitutu miwili ya Parker au Fox imeshikwa na lehemu laini, na kostiki hula lehemu. Hata pale isipoimaliza, chumvi hujipenyeza chini ya ubavu unaounganisha mitutu na kukaa humo, ikitoa machozi ya kutu miezi baada ya miezi, mpaka siku moja mwenye bunduki anaigonga mitutu kwa kifundo cha kidole na badala ya kulia kama kengele inajibu kwa kishindo kizito cha bati lililolegea.

Waingereza walitafuta njia ya kuitia saini ya sheria kazi ya kurekebisha mitutu. Tangu hati ya 1637 ya chama cha mafundi bunduki wa London, na tangu nyumba ya majaribio ya Birmingham ilipoanzishwa mwaka 1813, kila mtutu unaouzwa nchini humo hujaribiwa kwa baruti ya ziada na kugongwa muhuri wenye kipimo chake. Mitutu ikichakaa, fundi wa kule anaweza kuikata karibu na chemba na kupachika mabomba mapya ndani ya kisiki cha zamani, kwa uangalifu kiasi kwamba kiungo chake hukitambui ila kwa shida. Lakini lazima irudi kujaribiwa, na lazima igongwe neno linalosema kwamba imepachikwa. Bei hushuka, na hakuna aliyedanganywa. Marekani haina sheria ya namna hiyo. Mnunuzi hubeba vyombo vyake, kipimo cha kipenyo na kipimo cha unene wa ukuta wa mtutu, akajifanyia majaribio mwenyewe juu ya meza ya maonyesho, kelele za watu zikimzunguka.

Badala ya muhuri, Wamarekani wana daftari. Kumbukumbu nyingi za Winchester zimehifadhiwa katika makumbusho ya bunduki ya Cody, jimbo la Wyoming, na chama cha wakusanyaji wa Parker hutoa barua kutoka katika vitabu vya kiwanda: namba fulani, geji fulani, mitutu ya urefu fulani, kitako cha kimo fulani. Barua hizo zimezaa jambo la ajabu. Bunduki mbili zinaweza kufanana kabisa, zote na kitako kifupi, zote na mto wa mpira. Moja daftari linasema iliagizwa hivyo mwaka 1926. Nyingine daftari liko kimya. Ya kwanza ina bei kamili, pengine na nyongeza, ya pili inashushwa. Mbao ile ile, mpira ule ule. Anayelipa analipia ushahidi, na sioni ubaya wowote hapo. Nina shida tu na wale ambao ushahidi umewapofusha macho, wanaomiliki bunduki kwa ajili ya barua.

Penye ushahidi pana ushahidi wa uongo. Model 42 ya Winchester, kijibunduki cha kipenyo cha .410 kilichotoka mwaka 1933, kimeghushiwa sana: cha kawaida huvishwa mbao za kifahari na nakshi, kikauzwa kama cha daraja la juu. Baadhi ya waghushi hao ni mafundi hodari kuliko waliokitengeneza, nalo hilo linaudhi.

Sheria nayo ina msumeno wake. Tangu 1934 Marekani imeweka urefu wa chini wa mtutu wa bunduki ya marisau, inchi 18, na aliyepita hapo bila usajili amepoteza mengi zaidi ya thamani. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitoa hukumu yake maarufu ya mwaka 1939 kwa sababu ya Stevens moja ya mitutu miwili iliyokatwa, bunduki ya bei rahisi ambayo hakuna mkusanyaji angeigeukia.

Kanuni zote hizi zinavunjika mtu mashuhuri akiingia. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, mwezi mmoja na kidogo baada ya kuacha urais, katika mizigo yake ilikuwamo bunduki ya marisau aliyozawadiwa na Ansley Fox wa Philadelphia. Ilipita naye nchi ambayo leo ni Kenya, ikapita Uganda, ikateremka na Nile hadi Khartoum mwaka uliofuata. Oktoba 2010 ikauzwa mnadani katika jimbo la Maine kwa dola 862,500. Kila mkwaruzo ambao kwa bunduki nyingine ungekuwa hasara, kwa hii ni safari.

Lakini mfano ninaoupenda ni mwingine, kwa kuwa ndani yake fundi hafichwi na jina la mteja. Nash Buckingham wa Memphis, mwandishi wa hadithi za uwindaji wa bata, alikuwa na Fox nzito ya karibu kilo nne na nusu, yenye chemba za inchi tatu, mitutu yake ikiwa imechongwa na Burt Becker wa Philadelphia. Becker alikuwa na siri ya kutoboa mtutu mpana kidogo na kuubana kwa utaratibu wake mwenyewe, na bunduki zake zilisifiwa kwa kuingiza marisau tisa kwa kumi mahali ambapo choki kamili ya kawaida huingiza saba. Rafiki wa Buckingham aliipa bunduki hiyo jina la Bo-Whoop, kwa mlio wake uliosikika toka mbali juu ya maji. Tarehe 1 Desemba 1948, karibu na Clarendon katika jimbo la Arkansas, maofisa wa wanyamapori waliwasimamisha wawindaji kukagua vibali. Bunduki ikawekwa juu ya gari. Gari likaondoka. Buckingham aliitafuta, akatangaza, akafa mwaka 1971 bila kuiona tena.

Miaka mingi baadaye ilipelekwa kwa fundi ikiwa imevunjika shingo, na wenyewe wakitaka kitako kipya tu. Fundi alisoma juu ya mtutu jina la aliyetengenezewa na jina la aliyetengeneza. Machi 2010 iliuzwa kwa dola 201,250 ikiwa na kitako kipya, na mnunuzi akaikabidhi kwa shirika la Ducks Unlimited, mjini Memphis. Kwa kanuni za kawaida, kitako kisichotoka kiwandani kingeiangusha. Ila mitutu ya Becker haikuwa imeguswa, na mitutu ndiyo iliyokuwa Bo-Whoop.

Zile zisizo na Roosevelt wala Buckingham, zilizokatwa, zikasuguliwa, zikavishwa vifundo, hazikosi wenyewe. Hununuliwa rahisi na watu wanaotaka kwenda nazo shambani, na hao huzipeleka kwa mafundi bila woga. Hakuna atakayempa kijana anayejifunza Parker isiyoguswa aikunje shingo, wala mitutu yenye weusi wa 1910 ajaribie asidi yake ya kwanza. Atapewa ile ya mto mwekundu na mwanya uliojazwa lehemu. Juu ya hiyo atavunja shingo moja au mbili, atapika kutu isiyoshika, ataelewa robo mzunguko wa skrubu ni kiasi gani, na siku akiletewa bunduki yenye mbwa wake nyuma, ataijua kazi, na atajua ni wapi pa kuiacha.